Muthiga Niliouchemsha Mpaka Ukafa

Mimi nilifika darasa la pili, na sioni haya. Nyumba yangu ya mawe hapa Kanja ilijengwa na pesa za maganda ya mti wa muthiga. Nilikuwa nayachemsha tangu alfajiri hadi saa sita, maji yawe meusi tititi, halafu napeleka soko la Ishiara kwa mitungi. Mteja akiona dawa si nyeusi, anapita. Wale waliouza unga wa maganda makavu niliwaambia mbele za watu, "Hiyo peleka kwa kuku."

Mke wangu alipojikata mguu kwa jembe, nilikiosha kidonda kwa dawa yangu asubuhi na jioni. Akaniomba, "Baba watoto, nipeleke hospitali." Nikamuuliza, sokoni wataniona aje? Kidonda kikanuka. Mwishowe madaktari wakamkata mguu chini ya goti. Majirani niliwaambia ni yeye alikanyaga mbolea.

Lakini minong'ono haikuisha. Kwa hivyo mwaka jana, msichana wa chuo kikuu alipokuja kutafuta miti inayoua bakteria, nilimpa chupa ya dawa na maganda. Nikataka karatasi yenye mhuri, niitundike sokoni, watu wafunge midomo.

Alirudi na picha kwa simu: visahani viwili vilivyopandwa vijidudu. Kimoja kilikuwa na duara safi katikati, vijidudu vimekufa hapo.

"Hiyo ni yangu," nikasema.

"Hapana, mzee. Hayo ni maganda tuliyosaga tukaloweka kwa spiriti. Yako ni hii." Kisahani cha pili kilikuwa kimejaa ukungu wa vijidudu hadi ukingoni. "Dawa iko kwa mti. Wewe unaichemsha mpaka inakufa."

"Enda ufundishwe kuheshimu wazee!"

Mke wangu alikuwa mlangoni akiambua maharagwe. "Ngoja, mwanangu. Hiyo ya kusaga ingeponya mguu wangu?"

"Siwezi kujua, mama. Kisahani si mwili. Lakini hospitali ingeuponya, kama ungewahi."

Mke wangu akaweka maharagwe chini. Kisha akatoa simu yake. "Nitumie hiyo picha."

Nikajua anaipeleka kwa kikundi cha akina mama wa kanisa, na nusu yao huuza Ishiara. Nikamwambia aache. Hakuniangalia. Nikamwomba. Mimi, nikamwomba mwanamke, mgeni akiona.

"Uliniona nikikuomba?" akauliza, akabonyeza kutuma.