Akina mama wa Rangwi walitarizi visanduku, mimi ndiye niliyesema ni Kijapani

Wakuu, habari za muda huu. Hili sijawahi kulisimulia popote, na kila neno ni kweli, hata pale ambapo ningependa lisiwe kweli.

Miaka ile intaneti kafe ndo zinaanza kupanda milimani, mimi nilikuwa na yangu Lushoto mjini. Kompyuta chache, zote za Windows XP, na printa. Ukitaka CV au kadi ya harusi unakuja kwangu. Nilijiona profesa kabisa.

Shangazi yangu anakaa Rangwi. Kwenye zahanati ya kule alikuwepo nesi wa kujitolea kutoka Japani, Keiko. Ndiye aliyemzalisha binti wa shangazi wakati mvua imekata barabara na gari la hospitali halipiti.

Muda wake ulipoisha, akina mama wa jumuiya wakaamua kumtarizia kitambaa cha meza chenye maneno ya shukrani. Wazo la kuandika Kijapani lilikuwa langu.

Mjapani mwenzake aliyekuwa Magoma akatutafsiria, akatuma kwa email. Nikafungua, nikakuta visanduku vitupu mstari mzima. Shangazi alikuwa kando yangu.

"Mbona herufi zote zinafanana?"

"Shangazi, ndo mwandiko wao huo."

Wakuu, nilijibu hivyo bila kupepesa macho. Nikaprinti kwa herufi kubwa, wakaenda kutarizi wiki nzima, uzi mwekundu, kisanduku kimoja kimoja, na viazi vinawasubiri shambani.

Kwa wasiojua, XP ilikuwa haionyeshi herufi za Kichina, Kijapani wala Kikorea, inaweka visanduku vitupu badala yake, mpaka uingie Control Panel, Regional and Language Options, uweke tiki kwenye East Asian languages, halafu uingize CD ya Windows. CD ninayo kwenye droo. Nisichokuwa nacho ni kujua.

Siku ya kumuaga, kitambaa kikakunjuliwa mbele ya watu. Keiko akakitazama, kisha akanitazama mimi, maana alijua nani ana kompyuta. Nikaelewa palepale. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hakucheka. Akamshika shangazi mikono, akasema kwa Kiswahili chake safi, "Mama, naomba unisomee wewe."

Shangazi akasema, "Tumeandika kwamba mtoto uliyetuletea sasa anatembea. Popote utakapokuwa, Rangwi ni kwenu."

Wakalia wote wawili. Mimi nikatoka nje, nikajifanya napokea simu.

Jioni nikamweleza shangazi ukweli wote. Hata kunifokea hakunifokea. Akauliza tu:

"Kwani Keiko si anasoma Kiswahili, mwanangu? Si tungemwandikia kwa lugha tuliyokuwa tunaongea naye?"

 

Nilichojifunza: kama hujui, sema hujui, hasa kwa watu wanaokuamini. Wao walitoa macho na vidole vyao kwa neno langu la sekunde moja.

Wa kunicheka anicheke. Ila kama na wewe umewahi kujibu kwa kujiamini kitu usichokijua, teremka hapo chini uandike. Aibu hii nimeibeba peke yangu muda mrefu.