Chupa ya Kunde za Mama

Mama alipofariki aliniachia chupa moja ya mbegu za kunde, nyekundu zenye jicho jeusi, zimechanganywa na majivu zisitobolewe na wadudu. Mbegu za aina ile sijaziona dukani wala sokoni. Mwaka huu, kwa kiherehere changu, nilizipanda zote katika kijishamba chetu cha Mjambere, katikati ya mahindi, kama alivyokuwa akifanya yeye.

Mvua ilinyesha vizuri. Mahindi yakanipita kimo, na kunde chini yake zikatoa majani mapana, laini, mpaka majirani wakawa wananipigia hodi na vikapu.

"Mboga yako imekubali, wallahi!"

Nikavimba kichwa. Niliwagawia, nikapika, tukala tukachoka. Lakini mimi nilitaka mbegu, na maua hayakuonekana. Kunde zilitambaa tu, nyembamba, zikipanda mabua ya mahindi. Kila asubuhi nilipekua majani, nikatoka na mwasho shingoni na hasira kifuani. Nikaongeza samadi. Zikaongeza majani! Nikafika mahali pa kuzitukana.

Pembeni mwa shamba, pale mchwa walipoyamaliza mahindi, palibaki mashina machache ya kunde, mafupi, majani magumu. Niliyadharau, hata mboga sikuyachuma. Hayo ndiyo yaliyofunga maganda.

Mama mdogo, nduguye mama, alikuja kutoka Rabai kunitazama. Hata hakuketi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mahindi hukuyapunguza majani?"

"Kwani nina mbuzi?"

Utotoni, mahindi yakishatoa ndevu, mama alinituma nikwanyue majani ya chini niwapelekee mbuzi. Niliichukia kazi ile, ilinikata mikono. Hapa sina mbuzi, basi sikuona sababu ya kuyagusa.

"Mamako alikuwa akizifungulia kunde jua," akasema. "Mbuzi walikula masazo."

Nilikasirika, nikamkasirikia hata mama kwa kutoniambia. Labda aliniambia, nami nilikuwa nikinung'unikia mikono yangu.

Niliyachuma maganda ya pembeni yalipokauka, nikayapukuchua. Mbegu hazikujaza kiganja. Nikazirudisha katika chupa ileile, zikafunika kitako tu, nikaongeza majivu.