Kiti Nilichomzuia Mama Mkwe

Jamani, juzi nimeaibika mpaka sasa sijui nimtazame vipi mama mkwe. Mume wangu alileta kiti cha mninga kutoka stoo ya kwao Maretadu. Kwa uzuri ule, nikaamini kiliachwa na wamisionari. Nikakipaka nta, nikakiweka mbali na jua, nikakataza mtu yeyote kukikalia.

Mama mkwe alipokuja kutibiwa hapa Haydom, nilimsogezea kiti cha plastiki.

"Shikamoo mama. Kaa hapa. Kile hakikaliwi, kilitengenezwa na Wazungu."

Akakipapasa kile cha mninga polepole, machozi yakimlengalenga.

"Wazungu gani, mwanangu? Marehemu baba mkwe wako alikichonga kwa mikono yake. Mumeo nilimnyonyeshea hapa."

Nikabaki nimeshikilia kile cha plastiki.