Mchoraji anayelitafuta kaburi la baba yake kwa brashi

Ukungu haujaondoka Moshi mjini, na Sirili Mlay (54) anafuta kaburi. Analifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, polepole, mpaka kwenye turubai linabaki doa la udongo.

Kibandani mwake zimetundikwa picha za kuuza: Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye theluji, tembo chini yake. Tangu mwaka 1987 anawachorea watalii picha hiyo hiyo.

"Kwetu Kilema sijawahi kuona tembo," anasema. "Lakini usipomweka, unalala na picha yako."

Hii anayoifuta haiuzwi. Ni kihamba cha baba yake, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Bei ya kahawa ilipoanguka, kaka yake, Melkior, aling'oa mibuni, akauza shamba, akahamia Dar es Salaam. Huko amefariki.

Mnunuzi alifyeka kila kitu, hata masale, mimea ya majani marefu iliyozunguka kaburi la mzee. Msalaba wa mti ulishaliwa na mchwa. Jumatatu anachimba msingi wa nyumba. Amewaambia ndugu waliobaki wamwonyeshe kaburi lilipo, atapakwepa. Wasipomwonyesha, atachimba.

Sirili aliamini mkono wake utakumbuka. Akachora nyumba, mfereji, mibuni, na kaburi. Ndipo dada yake, Kornelia, akateremka kutoka Kilema na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hapa ni wapi?"

"Kwetu."

"Kwetu kupi? Mbona Kibo imekalia paa? Kwetu ukitoka mlangoni unakutana na Mawenzi uso kwa uso, Kibo iko kule kushoto. Huu ni mlima wa mjini, mdogo wangu. Umesahau tembo tu!"

Kornelia alicheka. Sirili hakucheka. Alikuwa ameanza na mlima, kama afanyavyo kila siku, kisha akalipanga shamba chini yake. Kila kitu kilihama na mlima. Kaburi likavuka mfereji.

Tangu siku hiyo anachora na kufuta. Kilele cha Mawenzi akikiweka mahali pake, mibuni inamkataa. Akirudisha mibuni, nyumba inageuka.

"Nikifumba macho naona picha zangu," anasema, akitazama vidole vyake. "Kwetu sipaoni tena."

Kornelia anashikilia kwamba mzee amelala karibu na zizi. Lakini yeye alikuwa ameolewa mbali. Alifika mazishi yamekwisha, akaonyeshwa kwa kidole, mvua inanyesha.

Jumapili, baada ya misa, watakwenda wote wawili kumwonyesha mnunuzi.

"Pale anapopasema dada, mimi sipaamini," anasema Sirili. "Lakini tukibishana mbele ya yule bwana, atajua hatujui, na atachimba kote. Kwa hiyo dada akinyoosha kidole, nitasema ndiyo. Baba yupo hapa."