Pongo Aliyeondoka na Koti Langu

Naona aibu kuisimulia hii, lakini kila tukikutana harusini mnaniomba, basi leo nitaisema yote, hata kile kipande ambacho sijawahi kukisema, halafu muniache nile. Watu wa Rumonge wa umri wangu wananiita Pongo. Wajukuu wao pia. Mimi jina langu ni Rajabu, fundi cherehani, sijawahi kuwinda hata panya.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji hapa kwetu Burundi, na kesho yake nilikuwa namuoa Mwajuma. (Harusi mwaka ule? Ndiyo, watu walioa, ila bila ngoma, na kila mtu alikuwa ndani kabla jua halijagusa ziwa.) Asubuhi nilichukua baiskeli na kisu nikaenda upande wa Kizuka kukata majani ya migomba ya kufunikia pilau. Barabara ile mnaijua, zamani ilikuwa na kelele, akina mama na mawese yao, mbuzi, redio, lakini siku hiyo nilisikia mnyororo wa baiskeli yangu tu. Nyumba zilikuwa zimefungwa mstari mzima, nyasi zimefika madirishani, wenyewe wengine walivuka ziwa kwenda Kigoma, wengine walipandishwa kamyo, malori ya askari, na hatukuwaona tena. Moja ilikuwa ya Mama Leokadia, aliyetuuzia mawese tangu nikiwa mdogo. Mume wake askari walimchukua, na yeye, tuliambiwa, ameshavuka na mtoto wake. Mbele ya nyumba hiyo hiyo kamyo ya askari, imefunikwa turubai, ilitokea nyuma yangu, ikanipita, ikagonga kitu na haikusimama.

Alikuwa pongo dume, mnene, mgongo umevunjika lakini jicho bado linaniangalia. Nikawaza haraka: akifa mwenyewe ni mzoga, hakuna Mwislamu atakayemgusa, lakini nikimuwahi, kesho wageni wangu watakula nyama. Nikamgeuza kichwa kaskazini, nikasema bismillahi, nikamchinja, damu ikatoka vizuri. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwenye akili.

Tabu ni kwamba nilitaka awe halali kwa Mungu na kwa serikali. Mnyama wa pori akigongwa na gari ulikuwa unaruhusiwa kumla, ila humbebi mpaka komini, ofisi ya tarafa, ikubali, na mwaka ule kupita kwenye bariyeri ya askari na damu kwenye baiskeli, sijui nani angekusikiliza. Kwa hiyo nikamburuta kando, nikamfunika na koti langu la harusi (msiniulize kwa nini nilikuwa nimelivaa, nilitaka watu wa Kizuka walione), nikaenda komini. Na njiani, kwa kuwa mdomo wangu haujui kutulia, nikapitia kwa baba mkwe, Mzee Sefu, nikamwambia, "Mzee, wekeni sufuria kubwa."

Basi tukarudi kundi zima: polisi wa komini na bunduki yake, aliyetaka kumuona mnyama kwanza, Mzee Sefu na kofia yake ya Ijumaa, wajomba wa Mwajuma na toroli, na mimi mbele naongea kama niliyeua simba.

Pongo hayupo. Koti halipo. Damu ilikuwa pale pale, nzi wamejaa juu yake, na hakuna alama ya kiatu.

"Iko wapi hiyo nyama?" polisi akauliza.

Wenzangu wakaanza kutafuta barabarani. Mimi nikaona nyasi zimelala, njia nyembamba, inaelekea mlango wa Mama Leokadia, na kwenye kizingiti tone moja jekundu, bado bichi. Ilikuwa saa sita, jua kali, na mimi niliogopa. Niliwaza wafu, kweli, niliwaza wale wa kamyo wamerudi kwao na njaa. Miguu ikanipeleka mpaka mlangoni, nikalikanyaga lile tone. Ndipo nikasikia, nyuma ya ubao, mtoto akikohoa, na kikohozi kikazibwa na mkono wa mtu.

Mfu hakohoi. Nikaelewa kuwa Mama Leokadia alikuwa hajavuka, na hapo ndipo niliogopa zaidi, kwa sababu huyo polisi mwenye bunduki nilikuwa nimemleta mimi mwenyewe, kwa miguu yake, mpaka mlangoni kwao.

Nikaanza kukohoa mimi. Nilikohoa mpaka machozi yakatoka.

"Mule ndani iko mutu?" polisi akasema, akaja.

"Hapana, shefu, hakuna mutu. Ni pongo. Ameamka. Nimemuona kule kilimani, anaenda."

Mzee Sefu akasema polepole, "Pongo uliyemuchinja."

"Ndiyo, mzee."

"Ameamka, akaenda."

"Ndiyo."

"Na koti?"

"Amelivaa, mzee."

Polisi alicheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye toroli na bunduki ikaanguka, na kicheko chake kikapita kwenye nyumba zile tupu kikarudi, nami mgongoni, kwenye ufa wa mlango, nilihisi pumzi ya mtu, ya moto, fupi fupi. Wajomba nao wakacheka. Mzee Sefu hakucheka. Aliniangalia kwa huzuni, akasema, "Rajabu, mutu asiyejua nani mufu na nani muzima, binti yangu nitamupa namna gani?"

Nilisimama kwenye tone langu mpaka wote wakageuza njia.

Alinipa, kwa sababu wageni walikuwa wameshaalikwa. Wakala ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, na wanawake wakatunga wimbo wa pongo mwenye koti, wakauimba kwa sauti ya chini mbele yangu, kila ubeti nikitaka ardhi inimeze. Baada ya siku chache koti likakutwa asubuhi kwenye uzio wetu, limefuliwa, limekunjwa. Mwajuma akalinusa, likanuka sabuni ya mawese.

"Nani amelifua?"

"Pongo," nikasema.

Mwajuma naye alikuwa mteja wa Mama Leokadia, harufu ile aliijua. Akaliweka sandukuni, na tangu siku hiyo mtu akianza wimbo ule nyumbani kwetu, Mwajuma anamuomba anyamaze.

Nilipopita tena Kizuka mlango ulikuwa wazi, majivu yamepoa, hakuna hata kijiko. Sijui kama walivuka, na hilo bado linaniuma. Ila siku hizi simwambii mtu aweke sufuria kabla nyama haijafika, na simleti polisi mahali kabla sijasikiliza mlangoni. Mkiniita Pongo, naitika.