Usinitie Chumvi

Haya yalinifika mimi mwenyewe, nikiwa na udhu wangu na akili zangu timamu. Sikuhadithiwa na mtu. Ukitaka kucheka, cheka. Mke wangu naye alicheka kabla hajaiona hiyo picha. Alipoiona aliacha kucheka, na mpaka leo haitaji picha hiyo.

Mimi ni mwalimu wa dini niliyestaafu. Nilizaliwa Unguja, nikaletwa Omani ningali kijana, nikasomesha Nizwa mpaka ndevu zikawa nyeupe, kisha tukahamia Ibra kuwa karibu na watoto. Alhamdulillahi, Mwenyezi Mungu kanipa uzee wenye afya, na ndani ya uzee huo akanitia mapenzi nisiyoyatazamia: rangi za maji. Mjukuu wangu wa kike alisahau kisanduku chake cha rangi kwetu, nikajaribu siku moja kwa kupoteza wakati tu, na tangu siku hiyo sikutulia. Nakula, jicho liko ukutani linafuata kivuli cha mtende. Natoka msikitini, nasimama njiani kutazama mlima unavyogeuka rangi. Mke wangu Bi Zeyana huniambia, "Wenzio wakistaafu hununua mbuzi. Wewe, Maalim, umerudi chekechea."

Namwacha aseme. Rangi ya maji ina adabu yake, niamini. Hailazimishwi. Unalowesha karatasi, unagusisha rangi, halafu maji yenyewe ndiyo yanayoamua. Nyeupe huipaki, nyeupe ni karatasi uliyoiacha. Na kuta za udongo nazo zina ufundi wake: ukinyunyiza chembe za chumvi juu ya rangi ingali mbichi, chumvi inakunywa maji na kuacha madoa meupe, ukuta ukatoka kama ulivyo, umeliwa na mvua na miaka. Ndiyo maana sikosi kikopo cha chumvi mfukoni. Sharti langu lilikuwa moja, sichori chenye roho. Wanavyuoni wamesema mengi juu ya jambo hili, mimi nikachagua salama. Milango, kuta na mitende vinanitosha.

Sasa nikwambie habari ya jirani yetu, Bi Raya. Ni mjane, na watu wake ni wa Unguja kama sisi. Mwanawe wa pekee, Nasri, alichukuliwa na maji ya wadi, lile bonde kavu linalogeuka mto, siku ya mvua kubwa, na maiti yake haikuonekana. Sisi tulihamia baada ya msiba, hatukupata kumjua kijana huyo. Wenyeji wa huku wana neno, mughayyab, yaani aliyeghibishwa: mtu watu wanadhani kafa, kumbe wachawi wamemficha mahali wanamtumikisha. Kizee mmoja alimwambia Bi Raya kuwa mwanawe ni huyo. Akamwambia na zaidi, kwamba aliyeghibishwa halishwi chumvi, na siku chumvi itakapomgusa ndiyo kwaheri, hatarudi tena kwao. Basi kila alasiri Bi Raya akawa anaweka kizingitini sahani ya wali usio na chumvi.

Utamwambia nini mama kama huyo? Nilikaa naye mara nyingi. Nilimsomea aya za subira, nikamkumbusha kuwa roho ziko mikononi mwa Mola peke yake, na kwamba kumngoja maiti ni kujiumiza. Alinisikiliza akilia, na mwisho alikubali. Ijumaa tutamsomea Nasri hitima, nguo zake nitazipeleka sadaka, na sahani haitawekwa tena. Nilimshukuru Mungu siku ile kwa shukrani ya dhati.

Alhamisi, baada ya kuswali alasiri, nilikwenda kuchora kwenye magofu ya mtaa wa zamani, yale majumba ya udongo yaliyojengwa na matajiri waliokuwa wakifanya biashara na Unguja. Nikajiwekea kigoda mbele ya mlango mmoja wa mbao, nusu yake imeanguka, nyuma yake kifusi kitupu kimejaa mpaka juu. Nikaanza ukuta. Wewe unalijua jua la Ibra. Karatasi hukauka kabla hujainua brashi. Siku ile rangi ilikataa kukauka. Nikapuliza, nikapepea kwa kofia, rangi iko mbichi vile vile.

"Shikamoo, babu."

Nikaitikia marahaba kabla sijainua kichwa. Kijana alikuwa kakaa kizingitini, mguu mmoja juu ya mwingine, kavaa kanzu ya kahawia, mkono mmoja wa kanzu kaukunja mpaka kwenye kiwiko na mwingine kauacha. Nilifurahi, nakwambia kweli. Vijana wetu waliozaliwa huku ni wachache wanaosema Kiswahili, na wakikisema wanakivunja.

"Hii mlango yako nzuri, babu," akasema.

"Huu mlango, mwanangu. Huu mlango wako mzuri."

"Haya, huu. Na mimi nichore."

"Samahani. Mimi sichori chenye roho."

"Basi hapana tabu," akasema. "Nichore tu."

Nikacheka. Nilidhani kanichezea, kijana mwenye maneno. Nikaona nimchore kanzu bila ya uso, kichwa nikiache karatasi tupu, ili nisimvunje moyo. Na mchoraji, hasa asiyefundishwa, hutazama kile tu anachotaka kukichora. Nikatazama mikunjo ya kanzu, nikatazama mguu, nikatazama ule mkono uliokunjwa. Alikaa kimya kabisa. Hakujikuna wala hakufukuza nzi.

Nilipomaliza nikatoa kikopo changu kwa ajili ya ukuta.

"Nini hiyo?"

"Chumvi."

Akasema taratibu, "Babu, tafadhali. Usinitie chumvi."

Sisi watu wa Unguja tukisema fulani katia chumvi, maana yake kaongeza uongo kwenye maneno. Nami ndivyo nilivyomfahamu. Nikadhani anaogopa nimpambe, nimchore mtanashati kuliko alivyo. Nikamjibu, nikijiona mjuzi wa lugha, "Sikutii chumvi, mwanangu. Nakuchora kama ulivyo." Na huku nasema, mkono ulikwisha kunyunyiza. Chembe zikaangukia ukutani, nyingine zikaangukia kifuani pa kanzu.

Nilipoinua macho kizingiti kilikuwa kitupu. Njia ya kutokea ilikuwa moja, nayo inapita ubavuni pangu, na nyuma ya mlango ni kile kifusi. Nikasoma Ayatul Kursi. Nilipotazama karatasi, rangi ilikuwa imekauka kavu.

Magharibi ilipokwisha, Bi Raya alikuja kwetu na bunda la nguo za mwanawe, tayari kwa sadaka. Picha nilikuwa nimeiegemeza ukutani sebuleni, wala sikuwa nimemwambia mtu neno. Akaiona. Akakaa chini pale pale kwenye zulia.

"Umemuona wapi?"

"Nani, Bi Raya?"

"Usinifanye mtoto, Maalim." Akafungua bunda, akatoa kanzu ya kahawia, akaitandika magotini. Mkono mmoja ulikuwa na mikunjo isiyotoka kwa pasi, na mwingine umenyooka. "Mkono huu wa pili alikuwa haukunji. Ana kovu la moto huko, alikuwa akilionea haya."

Sikuweza kumdanganya. Nilimweleza yote, neno kwa neno. Nilipofika kwenye chumvi akanizuia.

"Kakwambia usimtie chumvi, nawe ukafahamu nini?"

"Nilifahamu kama tunavyosema sisi."

"Nasri hajui mafumbo," akasema. "Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu."

Akaivuta picha karibu, akaanza kuzibandua chembe za chumvi kwa ukucha, moja moja, kama mtu anayemtoa mwanawe miiba. Kila ilipotoka chembe palibaki doa jeupe. Kisha akafunga bunda lake akaondoka nalo.

Hitima haikusomwa. Sahani imerudi kizingitini, na nyingine anaipeleka magofuni kila alasiri, nami namsindikiza, kwani si vyema mama wa watu kukaa pale peke yake. Nimemwambia kuwa majini hujigeuza sura, na hilo naliamini. Ananisikiliza, kisha anauliza, "Alikuwa kakonda?" Sijui. "Midomo ilikuwa mikavu?" Sijui. Najua kila mkunjo wa kanzu yake. Uso sikuutazama, kwa kuwa sikukusudia kuuchora.

Usingizi wangu umepungua. Nashukuru hata huo uliobaki, na saa za kukesha nazitumia kwa sala. Lakini nakusihi, wewe unayenisikiliza: akikujia mtu mahali pa upweke akakusalimia kwa adabu, mtazame usoni kwanza. Na akikuomba jambo, lichukue neno lake kama lilivyotoka kinywani mwake, usilifasiri kwa ujuzi wako. Juzi Bi Raya kaniambia, "Maalim, akija tena mchore uso. Dhambi yake nitaibeba mimi." Nilimjibu kuwa hakuna abebaye dhambi ya mwenziwe. Kisha nikalowesha karatasi, nikakaa naye kungoja.