Samaki Asiyetuliwa na Nzi

Wale mnaonikumbuka nikizunguka vilima vyetu vya Taita na picha ya nzi mtaelewa kwa nini ninawaandikia habari za safari hii. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, nami nilikuwa msaidizi wa bwana afya. Nzi wa picha ile alikuwa mkubwa kuliko kuku, mguu mmoja chooni, mwingine kwenye sahani ya wali. Niliwaambia, "Pasipo na nzi pana afya." Wengine mlicheka, wengine mkafunika vyungu. Baadaye nilihamia Nairobi nikawa mtunza chupa katika maabara, na kemia niijuayo nimeipata humo, kwa kusoma vitabu ambavyo wakubwa wangu waliviacha mezani walipokwenda kula.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini ikaja barua kutoka Kisumu. Mama mmoja na watoto wake wawili walikuwa wamelazwa hospitalini baada ya chakula cha jioni, wakitapika na kutetemeka mikono, na mdogo alipatwa na degedege. Hawakuwa na homa. Walikuwa wamekula ugali na samaki mkavu. Mkubwa wangu, Daktari Mutiso, alikuwa mtaalamu wa sumu. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi dawa za mashambani zinavyoingia katika miili ya watu. Aliisoma barua mara mbili, kisha akaniambia nifungashe chupa.

Asubuhi ya kwanza treni ilitushusha Kisumu. Joto la ziwa lilitupokea pale pale stesheni, na shati langu likalowa kabla sijateremsha sanduku. Tulikwenda moja kwa moja Kondele, kwa kuwa yule mama na watoto walikuwa wameruhusiwa kurudi nyumbani. Mdogo alikuwa ameketi mlangoni akila ndizi, nikashukuru moyoni. Mama yake alitutolea kipande cha samaki kilichobaki, amekifunga kwa gazeti na kukitundika darini.

"Ulimnunua wapi?" Daktari akauliza.

"Otonglo, Daktari. Kwa Mama Dorsila. Samaki yake ni safi, kila mtu anajua."

"Safi namna gani?"

"Haina hata nzi moja!"

Nililiandika jibu hilo daftarini kama sifa, nikafungua ukurasa mwingine.

Siku ya pili, saa tatu asubuhi, tulifika Otonglo, soko la kando ya barabara iendayo Busia. Wanawake walikuwa wamepanga ngege, wale perege wa ziwani, waliopasuliwa na kukaushwa, na mafungu ya omena, dagaa wa huko, juu ya magunia. Mama Dorsila alikuwa mtu wa makamo, mrefu, amefunga kitambaa cheupe kichwani. Nyuma yake kulikuwa na magunia manne yaliyoshonwa midomo. Yalikuwa ya kupakiwa kwenye basi la Busia kesho yake alfajiri.

Jirani yake, Mama Yunia, alikuwa akipunga tawi juu ya samaki wake bila kupumzika. Alipotuona na kalamu zetu akapaza sauti.

"Andika, Bwana! Andika kwamba nzi yote ya Otonglo imehamia kwangu! Huyu mwenzangu anauza, mimi nalisha nzi!"

"Nzi inajua mahali uchafu iko," Mama Dorsila akajibu bila kugeuka.

"Yawa! Hata nzi inajua samaki tamu, Dorsila. Kwako inapita kama kwa mtu ana deni."

Soko zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi kwenye ukurasa wa jana, nikasoma tena ile sifa.

Tulimvuta Mama Dorsila pembeni. Hakuficha lolote. Alichomoa mkebe wa maziwa ya unga uliojaa unga mweupe.

"Hii ndugu yangu wa Ahero alinipatia. Anapaka pamba kwa shamba yake. Mimi naweka kidogo tu, kama chumvi. Mende ya samaki haiji, nzi haiji. Nyinyi watu ya afya mlikuja kwa baraza mkasema nzi inaua watoto. Sasa mimi nimefukuza. Nimekosa wapi?"

Nilitazama chini. Sikuwa mimi niliyesimama katika baraza lile, lakini maneno yalikuwa yangu.

Tuliporudi kwenye gari la idara nilimwambia Daktari kwamba magunia yale yasiondoke. Alivua miwani, akaipangusa. Alikuwa mtu mwema lakini mwenye masharti: hakusema neno juu ya sumu kabla ya kipimo, kwa sababu aliwahi kuona muuzaji akifukuzwa sokoni kwa tuhuma ambayo maabara iliikanusha baadaye.

"Majibu yatachukua wiki tatu," akasema. "Nikimwambia leo, ninamwambia kwa kukisia."

"Na basi ni kesho, Daktari. Tumpime samaki kwa nzi."

"Hiyo si maabara."

"Si maabara. Lakini ataona kwa macho yake."

Akafungua mlango wa gari. "Chupa ziwe tatu," akasema. "Moja isiwe na samaki."

Saa nne na nusu tulipanga chupa tatu za jamu juu ya boksi, mahali pa kivuli. Ya kwanza tulitia ngozi ya samaki wa Mama Yunia, ya pili ya samaki wa Mama Dorsila, ya tatu tukaiacha tupu. Nzi tuliwakamata kwa Mama Yunia, aliyetangaza kwamba anawatoa bure. Tukafunga midomo ya chupa kwa kitambaa chepesi.

Haikutimia nusu saa, nzi wa chupa ya pili wakaanza kuanguka chali, miguu ikitetemeka. Ilipofika saa sita hakuna aliyeruka. Katika chupa nyingine mbili walikuwa wakigonga vioo kwa nguvu zao zote.

Hakuna aliyefanya mzaha tena. Mama Dorsila aliinama, akatazama sana.

"Chupa yako ndiyo mbaya," akasema.

Lilikuwa pingamizi la haki, na mtu wa vipimo halikatai. Nikamwambia aoshe chupa mwenyewe, azibadilishe, achague samaki mwenyewe na kukamata nzi kwa mkono wake. Alifanya yote hayo. Aliweka samaki wake katika chupa iliyokuwa ya Mama Yunia, akaketi mbele yake mikono magotini, akiwafukuza wateja wote. Saa nane nzi walikuwa chali tena.

Akavigeuza viganja vyake juu.

"Na mimi? Mimi naonja kila gunia na ulimi, kama chumvi imeingia. Mjukuu wangu anakula hii kila siku."

Nilitaka kumpa neno la faraja. Daktari alichuchumaa ili macho yao yawe sawa.

"Mama, sijui imeingia kiasi gani. Nikikuambia ni kidogo nitakuwa nakudanganya, nikikuambia ni nyingi nitakuwa nakutisha bure. Nipe damu kidogo, yako na ya mtoto. Majibu yakija, yatakuja kwako kwanza."

Akakubali kwa kichwa. Kisha akachukua kisu, akakata mshono wa gunia la kwanza.

"Nitamwaga ziwani."

"Usimwage ziwani, Mama. Samaki walio hai wataila dawa hiyo."

Basi shimo likachimbwa, mbali na kisima, katika ardhi ngumu nyuma ya soko. Jembe lilikuwa la Mama Yunia, naye ndiye aliyelishika wa kwanza. Magunia yote manne yaliingia humo, pamoja na samaki waliokuwa wamepangwa kuuzwa, na mkebe juu yake, na wakati wa kufukia Mama Yunia alisema jambo kwa Kijaluo, mwenzake akacheka huku machozi yakimtoka. Sikuuliza maana yake.

Siku ya tatu tulipita Ahero, kwenye tambarare ya Kano, kumwona yule ndugu. Alituonyesha mfuko wenye picha ya fuvu na maandishi ya Kiingereza. "Hiyo kichwa?" akasema. "Nilidhani ni habari ya wadudu." Jioni tukapanda treni.

Majibu yalipotoka, Daktari alitimiza ahadi yake, akanituma nirudi Kisumu peke yangu. Dawa ya pamba ilikuwa ndani ya samaki wa Kondele. Ilikuwa pia katika damu ya Mama Dorsila, na kidogo kwa mjukuu. Nilimweleza kwamba mwili huipunguza polepole mtu asipoiongeza, na kwamba Daktari angempima tena mwakani. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie sehemu ya mtoto.

Samaki wake walikuwa juu ya uchaga wa fito, wamefunikwa chandarua kikuukuu. Nzi walitembea juu ya chandarua. Mteja mmoja mwenye tai alikunja pua.

"Mama, siku hizi una nzi?"

"Niko nazo, Bwana. Zinaonja kwanza."

Aliponiaga aliniambia, "Ambia watu ya kwenu: nzi ifukuzwe na mkono."

Basi nawaambia. Niliwafundisha nusu ya somo, na hii ndiyo nusu iliyobaki. Endeleeni kufunika chakula. Lakini mkikuta nyama au samaki amelala wazi juani na nzi wanampita, msimsifu muuzaji. Muulizeni amepaka nini. Muulizeni kwa upole, maana huenda alipaka kwa sababu alimsikiliza mtu kama mimi.